Koti la Daktari Aliyekuwa Njiani

Tulimwita Daktari miaka mingi kabla hajawa daktari wa kitu chochote, naye akaitika bila haya. Alikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya hapa Kibiti, mimi mwalimu wa Kiswahili, na meza zetu ziligusana ofisini. Kwa hiyo mie sikusimuliwa. Nilimwona, nilimsikia, na kwa bahati mbaya yangu nilikaribia kuwa shemeji yake.

Nianze na kitanda, kwa sababu hakuwa nacho. Katika nyumba aliyopanga nyuma ya soko, Daktari alilala kwenye godoro lililotupwa sakafuni, na vitabu vyake amevipanga juu ya matofali. Ukimuuliza, "Mwalimu, mshahara wote huo umeshindwa kuleta kitanda?" anakutazama kama umemtukana. "Kitanda cha nini, na mimi nipo njiani?" Choo chake hakikuwa na mlango, alitundika gunia. Mwenye nyumba akamwomba wasaidiane kuweka mlango, akajibiwa hayo hayo, yupo njiani. Kuku hafugi, yupo njiani. Mchicha hapandi, yupo njiani. Mgeni akija anakalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Njia gani hiyo isiyoanza wala kwisha? Sisi watu wa Kibiti tunakaa kando ya barabara ya kusini, wasafiri tunawaona kila siku ya Mungu, tunajua mtu aliye njiani anafananaje. Ana mzigo, ana vumbi, ana haraka. Yule alikuwa na mdomo tu.

Njia yenyewe ilikuwa ya uzamivu. Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba imemwagika, sabuni za rangi zimejaa madukani, na kila mtu anasema utandawazi, hata muuza mihogo ya kuchoma. Dar walishafungua maduka ya intaneti. Daktari akipata mshahara anapanda basi, anakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, anarudi na karatasi zilizochapwa, na Jumatatu wakati wa chai sisi wengine tunasomewa. "Nafasi ya uzamivu katika fani ya mikondo midogo ya vimiminika na chembe za nano. Mwombaji awe na shahada ya pili ya kemia, awe mwepesi wa kujifunza, apende kufanya kazi na wenzake." Halafu anavua miwani, anatuangalia mmoja mmoja. "Jamani, hii wameniandikia mimi."

Kila tangazo walimwandikia yeye! Maprofesa wa nchi mbalimbali, wasiojuana, wamekaa usiku na mchana wanafikiria jinsi ya kumpata mwalimu mmoja wa Kibiti anayechelewa vipindi. Mwezi ukiisha tunauliza, "Ile waliyokuandikia imeishia wapi?" Anapunga mkono. Ile ilikuwa na kasoro zake, ipo nyingine, na hii mpya ndiyo hasa wameniandikia mimi.

Mkuu wa shule, mzee mtulivu wa Kimatumbi, alimuuliza siku moja hiyo mikondo midogo ni kitu gani. Lo, alijuta! Daktari aliinuka, akasukuma vikombe pembeni. "Mkuu, unachukua kipande cha kioo, kidogo kama stempu. Ndani yake unachimba mifereji myembamba kuliko unywele. Unadondosha tone moja la maji, linapita humo, kioo kinakuambia yana chumvi, yana sumu, yana kipindupindu. Tone moja tu, papo hapo, bila kupeleka chupa Dar."

"Na hizo nano?"

"Chembe ndogo mno, Mkuu. Hata dhahabu, ukiifikisha udogo huo, haiwi manjano tena. Inakuwa nyekundu."

Mkuu akamaliza chai yake taratibu. "Vizuri sana, Daktari. Na kidato cha pili wanakungoja tangu kengele ilipolia."

Haki ya mtu simnyimi. Alipoingia darasani, alifundisha. Siku moja nilipita dirishani nikakuta watoto wamemzunguka hawapumui. Alikuwa amechukua vioo viwili vya dirisha lililovunjika, akavibana pamoja na kuacha kati yao njia nyembamba aliyoichora kwa nta ya mshumaa, kisha upande mmoja akadondosha maji mekundu ya choya, upande wa pili wino wa buluu. Mekundu na buluu yakapita bega kwa bega mpaka mwisho wa kioo bila kuchanganyika. "Njia ikiwa nyembamba sana," aliwaambia, "maji hayagombani, kila maji yanakwenda na safari yake." Wapo waliosoma kemia mpaka chuo kikuu kwa sababu ya vioo vile, na wakikutana nami wanamwulizia yeye, si mimi niliyewafundisha ngeli.

Tena maji aliyajua kwa uchungu. Akianza kusimulia visima vya huko delta, mto unakoingia baharini, chumvi inavyopanda na maji ya bahari, na watoto wanavyoharisha kila mafuriko yakirudi nyuma, sauti inamkauka. Hapo nusura umpende. Lakini mtu huyo huyo, anayetaka kioo cha kupimia maji kila kisima, kwake hachemshi maji ng'o! Anazamisha kata kwenye mtungi wa jirani, anakunywa gudugudu, anafuta mdomo. Nikamwambia, "Daktari, wadudu hao." Akasema akishafika huko atakunywa maji safi.

Kituko kilichonimaliza ni pale alipoanza kutusomea matangazo ya utafiti wa baada ya uzamivu. Baada! Uzamivu wenyewe haujaanza, yeye analinganisha ipi nzuri ya kuendea akishaumaliza, hii ya miaka miwili au ile ya mitatu, huku mvua ni nyingi, kule mshahara unakatwa sana. "Khaa," nikamwambia mbele ya ofisi nzima, "wewe hujaposa, unagombania jina la mjukuu."

Ningejua ningeyameza maneno yale, maana mwaka haukuisha akaja kuposa kwetu.

Alimtaka mdogo wangu, Mwanahawa, fundi cherehani aliyeshona barazani kwetu. Mwanahawa si mtu wa maneno mengi. Akikasirika, anashona kwa kasi, basi. Alimpendea nini? Nilimuuliza. Akaniambia, "Dada, ndiye mtu pekee hapa anayeongea habari za kesho." Jibu nilikuwa nalo.

Siku ya posa, Mama, ambaye ni Mndengereko wa zamani asiyezunguka, alimuuliza bwana harusi mtarajiwa kuhusu dhahabu ya bibi harusi. Daktari badala ya kuinamisha kichwa kwa adabu akaanza somo. "Mama, unajua dhahabu ikiwa ndogo sana inakuwa nyekundu?" Mama akamtazama. "Ya kwako, baba, ni ndogo mpaka haionekani." Wazee walicheka hadi kofia zikawadondoka. Posa ikapokelewa hata hivyo, kwa sharti aliloliweka Daktari mwenyewe, kwamba ndoa itafungwa akirudi na uzamivu wake.

Hapo ndipo kamba ilipofungwa, na watu wa kwetu wanajua ugumu wake. Msichana aliyeposwa haposwi tena. Dini inakataza, mila inakataza, na majirani wako macho kuliko vyote viwili. Mpaka mposaji mwenyewe atamke mbele ya mtu mzima wa upande wake kwamba amemwacha huru, huyo ni mali ya kusubiri. Mkulima mmoja wa Umwe, mtu mpole mwenye shamba lake na akili zake, alituma mjomba wake kuuliza. Mama akajibu inavyopaswa, "Yuko na mtu." Mwanahawa alikuwa anasikia. Cherehani ililia kama inafukuzwa.

Miezi ikapita, kisha misimu. Wenzake wa rika lake waliolewa, nguo za harusi akawashonea yeye. Ndipo siku moja Daktari akashuka kwenye basi la Dar anarukaruka. Amepata! Chuo fulani Ulaya kimemkubali, profesa amemwandikia, anaondoka. Safari hii hata mimi niliamini.

Mwanahawa alikwenda mnadani, akapekua robota la mitumba mpaka akapata koti la baridi, zito, la sufu, refu hadi magotini. Akalipunguza mabega, akatia bitana mpya, akashona vifungo vya shaba alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya nguo yake mwenyewe. Mama akapika pilau. Maalimu akaja, ubani ukafukizwa, dua ya safari ikasomwa, na Daktari akapitishwa chini ya msahafu akiwa amevaa lile koti, jasho linamchuruzika kama amemwagiwa ndoo. Mtaa mzima ukamsindikiza kituoni. Wanawake walilia. Nami nililia, nisiseme uongo, ila machozi yangu yalikuwa ya nafuu.

Baada ya hapo zikawa zinakuja salamu. Simu ilikuwa dukani kwa Mwarabu, na binamu wa Daktari aliyeko Dar alipiga mara kwa mara. "Daktari anawasalimu. Anasema huko baridi kali, koti linamfaa sana." Mwanahawa akisikia habari za koti alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile likanitosha kusamehe mambo mengi.

Msimu wa kuvuna mpunga, mama wa mwalimu mwenzetu akafariki Mbuchi, huko delta, nikatumwa na ofisi kwenda kuhani. Mbuchi wakati huo hukuti watu majumbani. Wote wamehamia mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo wanamokaa kuamia ndege na kufukuza nguruwe hadi mavuno yaishe. Nikashuka mtumbwini alasiri, nikafuata njia ya kati ya majaruba kuelekea msibani. Kushoto na kulia watu wanapiga makopo, wanarusha mawe kwa teo, kelele tupu. Kwenye dungu moja nikasikia mtu anawakemea ndege kwa sauti ya darasani. Ndege! Anawaambia kama kidato cha pili. Nikainua macho.

Daktari. Juu ya dungu, teo mkononi, amevaa koti la baridi.

Nilifikiri mzuka. Nikasoma nilichokijua, nikafungua macho, bado yupo, na vifungo vya shaba vinang'aa. "Shemeji," akasema kwa unyonge.

"Ulaya ndiyo hapa?"

"Shusha sauti, shemeji, shangazi analala."

"Ulaya ndiyo hapa, nakuuliza! Na koti la nini katika joto hili?"

"Mbu," akasema. "Wa huku ni wakali sana."

Ikatoka hadithi. Yule profesa alihama chuo, nafasi ikafutika, akaambiwa aombe upya mwakani. Alipata habari akiwa Dar, begi limefungwa. Basi mtu mwenye akili si angepanda gari akarudi nyumbani? Hapana. Alikuja kujificha kwa shangazi yake, huku binamu akituletea salamu za baridi. "Nilishasomewa dua, shemeji. Nilishapitishwa chini ya msahafu, mtaa mzima umenisindikiza. Nitarudije kabla sijaenda?"

Nitakubali hapo kwamba nililielewa jambo lile, maana na mimi ni wa huku. Aliyeagwa kwa ubani harudi na begi lile lile. Ataitwa majina mpaka kaburini. Lakini kuelewa ni kitu kingine na hasira ni kitu kingine. "Na Mwanahawa?" nikamuuliza. "Mwachie. Sema neno moja mbele ya shangazi yako hapo chini, mwenzako aolewe."

Akaanza kuzungusha kamba ya teo vidoleni. "Nipe msimu mmoja tu. Nimeshaomba nyingine. Yaani hii, shemeji, hii wameniandikia mimi."

Ningekuwa na teo mimi!

Nilirudi nikamwambia mdogo wangu yote, sikuficha hata mbu. Hakulia. Alimaliza pindo la gauni la mtu, akakata uzi kwa meno. "Koti kalivaa?" akauliza. Nikamwambia kalivaa. "Haya," akasema, akachukua kitambaa kingine. Mama hatukumwambia, angeweza kwenda Mbuchi kwa miguu na mchi mkononi.

Kumbe hazikupita wiki nyingi, naitwa kwenye simu ya dukani. Ni binamu wa Dar, safari hii hana baridi ya kusimulia. "Shemeji, najua umeshamwona alipo. Sikia, wamemkubali kweli. Chuo kingine. Tiketi wamelipa wao. Asipofika Dar ndani ya siku chache wanampa mtu mwingine, na mimi huko delta sina wa kumtuma." Nikasimama pale na simu mkononi, nikawaza, ni mimi peke yangu Kibiti nzima ninayeweza kumfikishia. Nikawaza pia jinsi ninavyoweza kujifanya nimesahau. Kisha nikaenda barazani, nikamwambia Mwanahawa.

Akafunika cherehani. "Twende," akasema.

Tulipanda gari mpaka barabara ilipoishia, kisha tukapanda mtumbwi. Tulimkuta juu ya dungu vile vile. Alipomwona Mwanahawa, alitaka kuingia ndani, lakini dungu halina mahali pa kuingia. Mwanahawa akamwamkia shangazi, shikamoo kwa heshima zote, akamwomba akae hapo hapo awe shahidi. Kisha akainua uso.

"Nina habari yako kutoka Dar. Kabla sijaisema, niache huru. Shangazi anasikia."

"Mwanahawa, mimi nilikuwa nafikiria tukishafunga ndoa, wewe pia..."

"Sikukuuliza unachofikiria."

"Nikirudi tu..."

"Wala sikukuuliza ukirudi."

Shangazi, mama wa watu, akajifunga khanga vizuri. "Mwanangu," akamwambia, "mtoto wa watu amevuka maji yote haya. Sema."

Ndege walikuwa wameshatua kwenye mpunga, hakuna anayewafukuza. Daktari alinitazama mimi, akamtazama shangazi, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma jina la marehemu, "Nimemwacha huru." Mwanahawa akampa habari papo hapo, chuo, tiketi, siku. Uso wa mtu yule! Ule unyonge ulimtoka kama vumbi likipigwa. Alishuka ngazi mbili mbili, anacheka, anamshika shangazi mikono, kana kwamba lile neno la kwanza hakulisema yeye. Kama angekataa kulisema, sijui mdogo wangu angefanya nini. Sijawahi kumuuliza.

"Na koti," Mwanahawa akasema.

"Koti?"

"Langu. Vua."

"Mwanahawa, huko kuna baridi kweli."

"Tumesikia. Ulituletea salamu."

Akavua. Ndani alikuwa na fulana ya shule, ya michezo, imetoboka kwapani. Mwanahawa akakunja koti, akalibeba kichwani kama mzigo wa kuni, tukaenda zetu mtumbwini. Mkulima wa Umwe hakuchelewa kuleta posa, na safari hii Mama aliipokea akashukuru Mungu kwa sauti.

Daktari alikwenda. Alisoma, akamaliza, akawa daktari wa kweli. Sisi tuliozoea kumcheka tukabaki na midomo wazi, jambo lililonikera kuliko yote. Kivuko cha Ndundu kilikuwa kimeshapumzika na daraja linapitika pale aliponitokea shuleni, amenenepa kidogo, nywele zimerudi nyuma, na sanduku la vioo vidogo kama stempu. Akanikumbatia. "Shemeji!" Nikamwambia mie si shemeji wa mtu. Alikuwa anapima visima, akaniomba nimpeleke Umwe, kisha akaongeza akitazama pembeni kwamba atamsalimu na Mwanahawa, maadamu yuko njiani.

Tukaenda Umwe kwa gari alilokodi. Mwanahawa tulimkuta kandokando ya shamba lao la mpunga, mtoto mgongoni, mwingine anavuta khanga yake. Mumewe akatukaribisha vizuri, akaleta mkeka. Daktari akadondosha maji ya visima kwenye vioo vyake, kioo cha kisima chao kikabaki cheupe, cha kisima cha jirani kikawa chekundu, naye akawaeleza majirani wasiyanywe yale mpaka kisima kisafishwe. Kioo kilifanya kazi, sina ubishi. Watu walimshukuru. Nami nilimshukuru, kwa moyo mzito.

"Utakaa kwa muda?" mume akamuuliza.

"Hapana, ndugu yangu, kesho naondoka." Uso ukamng'aa kama zamani kwenye chai ya Jumatatu. "Uzamivu si mwisho. Kuna utafiti wa baada yake. Nilishafanya mmoja, sasa nimepata nchi nyingine kabisa, mambo ya dhahabu zile ndogo. Yaani hii wameniandikia mimi."

Sikumwuliza kama siku hizi analala kitandani.

Dereva akapiga honi. Daktari akainuka kupangusa suruali, na alipogeuka ndipo alipoliona. Katikati ya mpunga, juu ya miti miwili iliyofungwa msalaba, limesimama koti zito la sufu, refu, vifungo vya shaba vimeingia kutu. Ndege walikuwa wanapita mbali nalo. Alilitazama mpaka dereva akapiga honi tena.

"Mwaka ule wa kwanza," akasema taratibu, "baridi nusura iniue."

"Pole," Mwanahawa akamjibu, anamweka mtoto sawa mgongoni.

"Linafukuza ndege kweli?"

"Linafukuza. Na tangu nilisimamishe pale, halijaniaga hata siku moja."